NANI AMEKUONYESHA NIA YAKE?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Muislamu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo pengine utaliona dogo, tena si la kuletwa msikitini: yale maneno ya watu baada ya kutazama filamu za polisi na wauaji. Sikuja kukuambia uvunje televisheni yako. Hiyo ni hotuba nyingine, na mmekwisha isikia. Ninachouliza ni hiki: mtu akizoea kila jioni kufunuliwa nia za wauaji wa kwenye filamu, je, ulimi wake unabaki salama anapotoka nje na kumtazama jirani yake?

Vijana wetu hukaa barazani baada ya Isha, nami huwapitia nikirudi nyumbani. Nakubali kwamba wanazungumza kwa akili. Huyu anasema, «Amemuua kwa ajili ya mali.» Mwenzake anakataa: «Hapana, alimwogopa. Hukuona uso wake pale mwanzo?» Wanarudi nyuma, wanapima kila neno, kila mmoja analeta ushahidi wake. Laiti tungekuwa na umakini huo tunaposomewa karatasi za kiwanja kabla ya kutia sahihi!

Chukua ile ya Columbo, filamu ya Marekani iliyotafsiriwa kwa Kifaransa, ambayo wengi wa rika langu wanaifahamu. Ni afisa wa polisi wa Los Angeles, mwenye koti la mvua lililokunjamana, aliyechezwa na Peter Falk, marehemu tangu mwaka 2011. Ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na ya mwisho mwaka 2003. Desturi yake ni kwamba muuaji anaonyeshwa mwanzoni. Katika ile ya 1968 daktari wa magonjwa ya akili anamnyonga mkewe, nawe unamwona kwa macho yako. Kisha Columbo anaingia na maswali yake, anaaga, anafika mlangoni, anageuka na swali moja tena. Wewe mtazamaji huna shaka hata kidogo. Unangojea tu kuona mwenye hatia atanaswa vipi.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Hapo umepewa cheo gani? Umekaa kwenye kiti chako na umeona lililotendeka mlango umefungwa. Katika maisha cheo hicho si chako. Ya siri anayajua Mwenyezi Mungu, na malaika waliowekwa kuandika. Mtunga hadithi amekukopesha jicho usilokuwa nalo, na hadithi ikiisha inakubidi ulirudishe. Wengi hatulirudishi.

Tena katika filamu hakuna kitu kinachowekwa bure. Kikombe kikionyeshwa mara mbili, ujue mna sumu ndani yake. Mwanamke akigeuza uso, ujue anaficha neno. Mtunzi ndiye aliyeviweka vitu hivyo, naye ana muda wa saa moja tu. Lakini nyumbani kwako kikombe ni kikombe, na mwanamke anageuza uso kwa sababu moshi wa makaa umemwingia machoni. Aliyezoea ya kwanza hawezi tena kuiona ya pili.

Kuna nyingine ambayo vijana waliniambia habari zake, Breaking Bad, iliyoonyeshwa Marekani tangu mwaka 2008 hadi 2013. Ndani yake mwalimu wa kemia, katika mji wa Albuquerque, anaambiwa ana kansa ya mapafu. Ana mke, ana mtoto kijana mlemavu, na mke ana mimba. Anaanza kupika dawa za kulevya pamoja na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, akisema anataka kuwaachia watu wa nyumbani kwake fedha. Kila mtu anamhurumia, hata mimi nilimhurumia niliposimuliwa. Kisha anaua. Kisha anamtazama msichana akipaliwa na matapishi yake mwenyewe, na hanyoshi mkono kumgeuza. Mwishoni mwa sehemu ya nne mtoto mdogo anaugua, na watazamaji wanabishana ni nani aliyemtilia sumu, kwa maana hadithi inawaelekeza kwa mtu mwingine. Hata picha ya mwisho inapoonyesha mmea wa sumu wenye maua meupe nyuma ya nyumba ya mwalimu yule.

Ungedhani huruma ingekwisha hapo. Wengi haikuwaisha. Waliendelea kumtafutia udhuru: alilazimishwa, aliwafanyia watoto wake, ulimwengu ulimdharau. Na chuki yao waliimwaga juu ya nani? Juu ya mke, kwa kuwa alimuuliza mumewe fedha zinatoka wapi! Mwigizaji aliyecheza nafasi ya mke huyo, Anna Gunn, aliandika katika gazeti la New York Times mwezi wa nane mwaka 2013 kwamba chuki hiyo ilimfikia yeye mwenyewe, mpaka mtu mmoja akataka kuelezwa anapatikana wapi ili amuue. Mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusema maneno aliyoandikiwa! Na katika kipindi cha mwisho cha hadithi yenyewe, mwalimu anamkiri mkewe kwamba hakufanya kwa ajili ya watoto, alifanya kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa ilimpendeza. Wale waliomtetea miaka mitano walikuwa wanatetea nia ambayo mwenyewe ameikana.

Utasema, «Imamu, lakini nia ni jambo kubwa katika dini.» Ndiyo, ni kubwa. Amali zetu zinapimwa kwa nia, na sheria yetu haimweki aliyeua kwa kusudi sawa na aliyeua kwa kukosea. Lakini nia inayopimwa kwanza ni yako wewe, ambayo unaijua. Ya mwenzako inafikiwa kwa ushahidi na kwa kukiri, na kinachobaki kinaachiwa Mwenyewe. Mnakijua kisa cha Usama bin Zaid, radhi za Allah ziwe juu yake, kijana mpendwa kabisa kwa Mtume (s.a.w.). Vitani alimwinulia mtu silaha, yule mtu akatamka shahada, Usama akamuua. Akasema alitamka kwa kuogopa silaha tu. Ukipima kwa akili ya barazani, maelezo ya Usama yana nguvu: mtu yuko vitani, silaha iko juu ya kichwa chake, nia inaonekana wazi. Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akaona kilichomo, akalirudia neno lake mpaka Usama akatamani kama angekuwa amesilimu siku ile tu.

Nakueleza haya kwa sababu nami nimo. Miaka iliyopita mtu mmoja wa mtaani kwetu alifariki ghafula, usiku, baada ya kula. Alikuwa na kiwanja kizuri, na wakubwa zake hawakumpenda mkewe. Siku ya pili ya kilio nilisikia hadithi nzima, imepangwa kama filamu: mke hakulia vya kutosha, mke alikuwa ameuliza habari za karatasi za kiwanja mwezi uliopita, mke ndiye aliyeosha vyombo usiku uleule. Nani huosha vyombo usiku, kama si mwenye kuficha? Mmoja akanigeukia: «Mwalimu, wewe unaonaje?» Nami sikusema «Nyamazeni.» Nilitikisa kichwa nikasema, «Mungu ndiye anayejua,» kwa sauti ile ambayo kila mtu huisikia kuwa ni ndiyo. Nilikuwa nimevutiwa na namna kila kipande kilivyokaa mahali pake.

Mama yule aliondoka katika nyumba ile kabla eda haijaisha, yeye na watoto wanne, kwa kuogopa watu. Baadaye kaka yake aliniletea karatasi za daktari za miezi mitatu kabla ya kifo: marehemu alikuwa na presha kubwa, na aliambiwa anywe dawa kila siku. Dawa zilikutwa katika mfuko wa koti lake, hazijafunguliwa.

Nilikwenda kumwomba radhi kwa kaka yake, na kaka alikuwapo. Alinisikiliza, hakunilaumu. Akaleta chai. Alimimina kikombe kimoja, akakinywea yeye kwanza mbele yangu mpaka nusu, ndipo akanimiminia changu.