Kulinganisha Nchi ya Jirani na ya Kwetu

Hapa Naviundu, mtu akirudi kutoka Zambia, majirani humwuliza, “Habari za kule?” Naye akiisha kunywa maji huanza kulinganisha. Kule barabara ziko hivi, kwetu hivi. Kule askari wako hivi, kwetu hivi. Wasikilizaji huitika, huyu kwa kuguna, yule kwa kucheka. Mwisho wa mazungumzo husikika mojawapo ya maneno mawili: ama “Wenzetu wameendelea, sisi basi tena,” ama “Wale nao hawatuzidi kitu.” Kisha kila mtu huenda kwake. Hakuna kilichobadilika ila mioyo: mmoja umekuwa mzito, mwingine umevimba.

Nataka tuulizane, wasomaji wapenzi, kama kulinganisha kwa namna hiyo ni halali. Na kama si halali, tulinganisheje. Wala si swali dogo. Asemaye neno juu ya taifa zima ahukumu watu mamilioni kwa sentensi moja. Ikiwa kumsingizia mtu mmoja ni dhambi, kuwasingizia watu wote pamoja hakugeuki kuwa mchezo kwa sababu wao ni wengi.

YAONEKANAYO NJIANI

Kwanza tuyatazame mambo yenyewe. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Njiani malori yafuatana, yamebeba shaba na kobalti kwenda bandari za mbali: Durban, Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay. Karibu na mpaka yapanga mstari mrefu, na dereva aweza kulala hapo siku kadhaa. Ukiisha kuvuka, mara magari yashika mkono wa kushoto. Kwetu hushika wa kulia. Kwenye vibao Kifaransa chakiachia Kiingereza nafasi. Franga zarudishwa mfukoni, kwacha zatolewa. Kisha waja miji ya shaba, Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola, ambayo mtu wa Likasi au wa Kolwezi huitambua upesi kama ndugu za mji wake.

Lakini msafiri akikaribishwa kula, aona jambo jingine. Chakula ni kile kile. Sisi twasema bukari, Wabemba husema ubwali: ni neno moja lililobadili sauti kidogo. Sombe yetu huitwa katapa, matembele huitwa kalembula, ndakala huitwa kapenta. Hata saa ya mkononi haina haja ya kusogezwa, maana majira ni mamoja. Walamba wako huku na huko; kadhalika Walala, Waaushi, Walunda na Wakaonde. Mama wa Sakania akisalimu kwa Kibemba mjini Ndola, hakuna amjuaye kuwa mgeni mpaka aombwe karatasi.

Basi mpaka huu ulitoka wapi? Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II walipatana huko Ulaya, na sehemu kubwa ya mstari ikafuata mgawanyo wa maji. Mvua inyeshayo upande wetu huenda mto Kongo, inyeshayo upande wao huenda Zambezi. Wingu ni moja. Wala shaba haikungoja mpaka. Wataalamu wa mambo ya kale walikuta hapa hapa Naviundu mabaki ya kazi ya kuyeyusha shaba, ya karne ya nne hivi. Misalaba ya shaba, ambayo wazee waliitumia kama fedha, imeonekana katika makaburi ya Sanga kwenye bonde la Upemba, na tena katika makaburi ya Ingombe Ilede karibu na mto Zambezi. Ndiyo kusema, watu hawa walifanya biashara pamoja karne nyingi kabla ya yeyote kuwaambia kwamba wao ni nchi mbili.

MAKOSA MATATU

Sasa tuseme juu ya makosa ya mlinganishaji.

Kosa la kwanza ni kijicho. Mwenye kijicho huona mema ya jirani na kuyafanya jeraha lake. Huona barabara, haoni yaliyo ndani ya nyumba. Wazee walisema, nyumba njema si mlango. Aliyesafiri mwaka 1980 na kitu angeona madukani shida za huko, na aliyesafiri mwaka 2024 aliwakuta wenzetu katika taabu kubwa. Mvua zilikosekana, mavuno ya mahindi yakashuka kutoka tani milioni 3.2 hivi mpaka milioni 1.5 hivi, maji ya Kariba yakapungua, na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku. Mtu wa Kitwe alipika kwa makala gizani kama mtu wa Lubumbashi. Kijicho hakisimulii habari hizo, maana hazikifai.

Kosa la pili ni dharau. Mwenye dharau husema, “Mali iko kwetu.” Ni kweli: mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, na Zambia karibu tani 700,000. Lakini ni nani kati yetu aliyeitia shaba hiyo ardhini? Majivuno ya kitu usichokifanya ni majivuno ya bure. Tena huyo ajivunaye, jioni hula bukari ya unga uliotoka ng’ambo. Zambia ikizuia mahindi yasitoke, siku si nyingi bei hupanda katika masoko ya Lubumbashi, na mama huanza kupima unga kwa kikombe. Mtu aketiye juu ya mali huku akingojea gunia la jirani ana sababu ya kufikiri, hana sababu ya kujisifu.

Kosa la tatu ndilo baya kupita yote, kwa kuwa huvaa nguo ya unyenyekevu. Ni kusema, “Wale wamezaliwa na utaratibu, sisi tumezaliwa na fujo.” Maneno haya husemwa kwa kicheko, nayo huua nia ya kutengeneza lo lote. Maana likiwa jambo la kuzaliwa, nani atajisumbua?

Kosa hili hukanushwa na dereva. Mtazameni dereva wa kwetu anapovuka Kasumbalesa. Mara avaa mkanda. Apunguza mwendo penye kibao. Asimama pa kusimama, na hapiti wenzake katika mstari. Baada ya siku mbili arudi. Na mara apitapo kizuizi, mkanda waachwa, honi yalia, na magurudumu yapanda pembezoni mwa njia ili atangulie. Je, damu yake ilibadilishwa kizuizini? Ni mtu yule yule, wa mama yule yule. Na dereva wa Zambia akikaa kwetu juma moja, yeye naye ajifunza kusukuma, na kukunja noti ndani ya karatasi zake. Basi utaratibu haumo katika damu ya mtu, wala fujo haimo. Kilichobadilika ni tarajio. Kule dereva atarajia kwamba sheria itadaiwa kwake, tena itadaiwa kwa yule aliye mbele yake. Huku hatarajii hivyo, naye aogopa kuwa mjinga peke yake.

VIMEUNDWA

Methali yasema, usione vyaelea, vimeundwa. Tuulize basi, tarajio hilo liliundwaje kule, na kwetu lilibomolewaje?

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ilikuwa na shida zake, lakini haikupasuliwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Na mwaka 1991, 2011 na 2021 wananchi waliwaondoa watawala kwa kura, nao wakaondoka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya majuma mawili kwisha Katanga ilikwisha kujitenga, mpaka Januari 1963. Zikaja baadaye vita za 1996 na 1997, na za 1998 mpaka 2003. Kati ya hayo Gécamines ilianguka: katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1993 ilitoa chini ya 50,000. Mshahara ulipoacha kufika, karani, askari na mwalimu walijifunza kuishi kwa kile mkono ukipatacho. Mtoto aliyekua wakati huo aliona kwamba afuataye sheria hulala na njaa. Hilo lilikuwa somo, nalo alilishika vizuri kuliko masomo ya darasani.

Pengine mtu atasema, “Basi ni umaskini tu.” Sivyo. Migodi ya Zambia nayo ilishuka, kutoka tani zaidi ya 700,000 mwaka 1969 mpaka karibu 250,000 mwaka 2000, na watu wengi walipoteza kazi na nyumba. Njaa iliingia Chingola kama ilivyoingia Likasi. Lakini dola lilibaki limesimama, na tarajio la sheria halikufa lote. Umaskini peke yake hauvunji utaratibu. Huvunjika watu wanapoacha kuaminiana kwamba kila mmoja atafanya sehemu yake.

Mwingine atapinga hivi: “Kama ni habari ya vita na mishahara, basi hakuna mwenye hatia. Serikali na itengeneze, sisi tutafuata.” Hapa yatupasa kutofautisha. Kujua asili ya kosa si kulihalalisha. Dereva awezaye kuvaa mkanda Chililabombwe amekwisha kuthibitisha kwamba aweza kuuvaa hapa. Awezaye na ajuaye, amewiwa. Ni kweli kwamba atendaye mema kwa kuogopa faini bado hajawa mwema. Lakini sheria ya haki ni darasa la kwanza, na mtu mzima hakai darasa la kwanza maisha yake yote. Aristotle alifundisha zamani kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki, kama vile mtu awavyo mjenzi kwa kujenga. Hakuna atakayetuletea tabia njema katika gunia kutoka ng’ambo.

HABARI YA GUNIA

Na kwa kuwa nimetaja gunia, tuulize: jirani akizuia mahindi yake, atudhulumu? Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba upendo una taratibu yake, na walio karibu nasi zaidi wana haki ya kutangulia. Baba mwenye debe moja la unga hulisha kwanza watoto wake, na hakosi. Basi serikali ikiweka akiba mwaka wa ukame, haistahili kutukanwa sokoni. Lakini upendo wenye taratibu hauwi upendo wenye ukuta. Mwenye kufunga mlango amwarifu jirani mapema. Na njaa ya maskini isitumiwe kuwa silaha katika ugomvi wa jambo jingine.

Agosti 2024 tuliona jambo lilivyo. Kongo ilikuwa imekataza vinywaji vya kutoka nje, wachukuzi wakaandamana Kasumbalesa, na Zambia ikafunga mipaka yake nasi kwa siku chache. Ni nani aliyeumia? Si walioandika amri za pande mbili. Aliumia dereva aliyekwisha kula posho yake, kijana apitishaye unga kwa kinga, na mama auzaye kwa kipimo asiye na akiba hata ya siku tatu. Siku zile kila mtu aliweza kuona kwamba nyumba hizi mbili zapikia chungu kimoja.

Lakini fundisho la gunia halikomi kwa jirani, larudi kwetu. Tuna ardhi, tuna mvua, tuna mikono. Kuuliza “Kwa nini wametunyima?” ni swali la siku moja. Swali la miaka yote ni hili: Kwa nini shamba letu halikulimwa?

TULINGANISHEJE?

Nasema basi kwamba kulinganisha ni halali, tena kwafaa, tukishika mambo matatu. Kwanza, tulinganishe kwa kweli: tusichukue jema la kule na kuliweka mbele ya baya la huku, wala kinyume chake. Pili, tutafute sababu kabla ya kutoa hukumu, maana asiyejua sababu atalaumu damu. Tatu, kulinganisha kukomee mlangoni kwetu wenyewe, kwa kutaja tendo moja ambalo msemaji mwenyewe aweza kulifanya.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa taifa la karibu lililodharauliwa na wasikilizaji wake. Hakusema kwamba Wasamaria wote ni wema, wala kwamba Wayahudi wote ni wabaya. Alionyesha alichokitenda mtu mmoja barabarani, kisha akamtaka aliyeuliza awe mtu wa namna hiyo. Mlinganisho wa haki huishia hapo, katika kazi.

Basi asimuliaye utaratibu wa Kitwe na asimame kwa zamu yake kwenye bomba la maji la hapa. Asifuye stakabadhi za kule na amwandikie mnunuzi wake stakabadhi. Ashangaliaye mahindi ya jirani na aulize jembe lake liko wapi. Asiyeweza kufanya hata moja la hayo, na anyamaze kidogo juu ya mataifa mpaka aweze.