Neno "Yamkini"

Uwaulizapo wavuvi wa dagaa huku Mwanza kama usiku wa leo watapata chochote, hawakuapii. Hutazama upepo, huhesabu siku za mwezi, kisha hujibu kwamba yamkini watapata. Katika vinywa vyetu neno hili maana yake ni huenda, na wengi hulichukua kuwa ni jina jingine la bahati. Lakini asili yake ni Kiarabu, na huko ndugu yake, mumkin, alibebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) aliita mumkin kila kitu ambacho chaweza kuwepo na chaweza kutokuwepo. Kitu cha namna hiyo hakina ndani ya nafsi yake sababu ya kuwepo kwake. Basi kikiwepo, hapana budi kinategemea kingine. Hivyo neno moja lashika mambo mawili, kukosa hakika na kutegemea. Sisi tumebaki na la kwanza. La pili, ambalo ndilo zito, tumelisahau.

Litazame ziwa lenyewe. Mtoto wa Ukerewe hudhani limekuwepo tangu milele. Kumbe wataalamu waliochimbua matope ya chini yake wamekuta dalili kwamba kiasi cha miaka 15,000 hivi iliyopita lilikuwa limekauka! Na hata leo sehemu kubwa ya maji yake hailetwi na mito, bali na mvua inyeshayo juu yake. Ziwa lategemea mvua, mvua yategemea mvuke na upepo, navyo vyategemea jua, na jua halikujiwasha. Safu ya maskini haitajiriki kwa kuongezewa maskini mwingine. Ndiyo maana Sura Ikhlas yamwita Mwenyezi Mungu As-Samad, Ambaye vyote vyamhitaji Naye hahitaji chochote. Mtu akiuliza, "Na Mungu aliumbwa na nani?", amemwuliza Asiye mumkin swali la mumkin.

Lakini liko swali gumu zaidi, na katika mji huu si swali la darasani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikafa mamia ya watu. Wengi walizikwa Igoma. Aliyeokoka huambiwa ana bahati, na aliyezama husemwa kuwa siku yake ilifika. Kauli ya kwanza yamsahau Mungu. Ya pili ni kweli, lakini isipoangaliwa huwaondolea wanadamu lawama, kwani meli ile ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Ikiwa kila jambo lategemea sababu alizoziweka Muumba, basi kuhesabu abiria ni mojawapo ya sababu hizo, na mwenye kuiacha hana haki ya kuyaita matokeo yake kudura. (Sijapata kuona mfanyabiashara aachaye kuhesabu fedha zake kwa kutawakali.) Mtume Mtukufu s.a.w. alimwagiza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu.

Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na maneno yale yale ya bahati na siku kufika yakasemwa tena. Kwa hiyo mwenye mtumbwi akijaza watu hata maji yakakaribia ukingo, kisha akasema yamkini tutafika, usimjibu "Inshallah". Mwambie ashushe watu kwanza.