Je, Yupo Aliyejijenga Mwenyewe?

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiuhudumia, tulimkaribisha msharika mfanyabiashara atoe ushuhuda siku ya mavuno. Alisimama mbele ya kanisa akaeleza jinsi alivyoanza na beseni moja la maandazi, hadi akawa na maduka matatu na lori la mizigo. Alimaliza kwa kusema kwamba hakusaidiwa na mtu yeyote. Ni yeye na Mungu wake tu. Washarika walipiga makofi. Sisi wachungaji tulipiga kuliko wote, maana kanisa letu lilikuwa bado halijaezekwa.

Kuna mambo mawili ambayo hatukuyaona siku ile. La kwanza, mke wake alikuwa ameketi benchi la tatu. Ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi yale, wala hakutajwa. La pili, nyuma karibu na mlango aliketi mama mmoja muuza mitumba, ambaye mtaji wake wote uliteketea soko lilipoungua. Baada ya Jumapili ile hakuonekana tena ibadani. Tulipomtembelea pamoja na mzee wa kanisa, alitupa chai, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, kwa hiyo mimi sikuomba vya kutosha?" Tulisali naye, tukaondoka. Jibu hatukuwa nalo.

Tunaandika haya ili kujaribu kumjibu mama yule. Swali lake linatudai tuulize kwanza lingine: je, yupo mtu aliyejijenga mwenyewe?

Tutazame maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu, marehemu Reginald Mengi. Alizaliwa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika familia maskini. Alisoma nyumbani, kisha akaenda Uingereza kusomea uhasibu. Aliporudi alifanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, akapanda hadi kuiongoza hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, alianza kuunganisha kalamu za bolpeni nyumbani kwake Dar es Salaam. Kutoka kwenye kalamu zile zilikuja kampuni za IPP, kiwanda cha vinywaji cha Bonite huko Moshi, magazeti, na mwaka 1994 Radio One na ITV. Mwaka 2018 alitoa kitabu cha Kiingereza kuhusu maisha yake, ambacho jina lake kwa lugha yetu tungelisema hivi: Naweza, Sina Budi, Nitatenda. Alifariki tarehe 2 Mei 2019, akazikwa kwao Machame.

Hatuna sababu ya kulidharau neno "naweza". Katika nchi ambayo watu wake walitawaliwa miaka mingi na kuambiwa hawawezi, neno hilo ni dawa. Kijana anayekaa kijiweni akisubiri kuitwa kazini anahitaji kulisikia. Na yeyote aliyewahi kuendesha hata genge la nyanya anajua kwamba biashara haisimami kwa maombi peke yake. Inataka kuamka mapema, kutunza hesabu, na kutokula mtaji.

Lakini tuchimbe chini ya neno hilo tuone limesimama juu ya nini. Mtoto wa Machame wa kizazi kile alizaliwa mahali ambapo mababu walikwisha kuchimba mifongo ya kuleta maji kutoka mlimani hadi kwenye vihamba. Alizaliwa mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893, na shule zikaanza pamoja na mahubiri. Wakulima wa kahawa wa mlima ule walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Hata ITV isingekuwepo bila sheria ya mwaka 1993 iliyofungua mlango kwa watu binafsi kumiliki vituo vya utangazaji. Miaka 10 kabla ya hapo, mtu yuleyule, mwenye akili ileile na bidii ileile, asingeweza kuanzisha televisheni yake. Ndani ya kila "naweza" kuna "nimewezeshwa".

Sisi Walutheri tumelijua hili tangu darasa la kipaimara. Luther, alipoeleza ombi la nne la Baba Yetu katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye mkate wa mezani. Aliorodhesha humo nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watumishi waaminifu, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, marafiki na majirani. Kwa maneno mengine, kabla tonge halijafika mdomoni, mikono mingi imelipitisha. Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, aliwaonya Waisraeli kwamba siku watakapokaa katika nyumba nzuri na mifugo yao kuongezeka, watashawishika kusema utajiri ule umetoka katika nguvu za mikono yao. Aliwataka wakumbuke kwamba hata nguvu ya kuupata ni zawadi. Hakusema mikono yao haikufanya kazi. Alisema mikono yenyewe walipewa.

Hapa mtu anaweza kutuuliza: wengi walizaliwa Machame, wakanywa maji ya mifongo ileile, mbona hawakuwa Mengi? Ni kweli. Zawadi haimfanyii mtu kazi. Mkulima hapandi mvua, lakini asipolima, mvua itamwoteshea magugu. Bidii inastahili heshima yake, na kanisa linalosema "yote ni neema" ili kufunika uvivu linaidhalilisha neema.

Hata hivyo, swali gumu zaidi ni lile la mama wa mitumba. Ikiwa mafanikio ni zawadi ya Mungu, je, yeye alinyimwa? Hapa ndipo sisi wachungaji tumekosea mara nyingi. Tumechukua shukrani ya aliyepata tukaigeuza kuwa kipimo cha asiyepata. Mtu akijenga ghorofa tunasema amebarikiwa, bila kuuliza kama wafanyakazi wake walilipwa. Mwingine akifilisika, tunamtafutia dhambi, kama marafiki wa Ayubu walivyofanya, na Mungu aliwakemea. Ayubu alikuwa mwenye haki alipokuwa na ngamia maelfu, na aliketi majivuni akiwa mwenye haki vilevile. Bwana wetu mwenyewe alikufa bila kuacha shamba wala nyumba, na vazi lake likapigiwa kura. Tukipima upendo wa Mungu kwa mali, tutalazimika kusema kwamba Baba hakumpenda Mwanawe.

Kwa nini soko liliungua, nasi tukabaki na vya kwetu? Hatujui, na mchungaji anayedai kujua anamwongezea mama yule mzigo wa pili. Tunachojua ni kwamba moto ule haukuwa hukumu juu ya sala zake. Tunajua pia kwamba mkate wake wa kila siku, kama ule wa mfanyabiashara, ulikusudiwa kupitia mikono ya majirani, nasi tulikuwa majirani. Tulipiga makofi kanisani, lakini hatukumchangia hata mtaji wa robota moja la mitumba.

Basi tufanye nini? Anayetoa ushuhuda na ataje majina: mke aliyekanda unga, mjomba aliyekopesha, mwalimu aliyefundisha hesabu, dereva wa lori lile. Hatapungukiwa kwa kuwataja, na ataanza kuona anadaiwa nini na nani. Mengi alikumbukwa na wengi kwa jambo moja: kila mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu wakala naye chakula. Mtu anayejua kwamba alipokea haoni tabu kukaa meza moja na asiye na cha kumrudishia.

Tulirudi kwa mama yule. Tulimwomba radhi, tukamweleza haya kwa maneno machache kuliko tuliyoandika hapa. Hakusema mengi, alituuliza tu kama mnada baada ya ibada bado upo. Majuma kadhaa baadaye alikuja na mayai sita, akayaweka madhabahuni pamoja na matoleo mengine. Kule nje, mke wa yule mfanyabiashara ndiye aliyeyanunua. Hatukumwomba yeyote kati yao atoe ushuhuda. Ilipofika Baba Yetu Jumapili iliyofuata, tulisikia upya kwamba Bwana alitufundisha kusema "utupe", wala hakutufundisha kusema "unipe".