Kitenzi Ambacho Hakuna Aliyekisikia

Mgeni akifika Garissa, wenyeji husema kwa Kisomali wuu yimid, yaani amekuja. Mgeni akiwa mwanamke, ni timid; msemaji akijitaja mwenyewe, imid; akiwa na wenzake, nimid. Mabadiliko yote yako mbele ya kitenzi. Aliyepita madrasa atayatambua, kwa kuwa Kiarabu nacho hutanguliza a, ta, ya na na.

Lakini vitenzi vya Kisomali vinavyogeuka hivyo vimebaki vya kuhesabika vidoleni. Vingine hugeuka nyuma: keenay ni nilileta, keentay ulileta, keennay tulileta. Ile t imefikaje mkiani?

Mwaka 1894 Mjerumani Franz Praetorius alitoa jibu: hapo nyuma pamejificha kitenzi kisaidizi cha kale. Kilisimama baada ya kitenzi kikuu, kikigeuka mbele kama yimid, mwishowe kikamezwa na jirani yake. Wanaisimu wengi huelezea hivyo hivyo d ya wakati uliopita katika Kiingereza: ni mabaki ya kitenzi cha kutenda cha mababu wa Wajerumani na Waingereza.

Je, kitu kama hicho kipo? Hakuna sikio lililokisikia wala jiwe lililokihifadhi. Wanaisimu hukiwekea alama ya nyota, wakikiri kwamba wamekifikia kwa hoja. Mwaka 1868 mwanaisimu August Schleicher alithubutu kutunga kisa kizima cha kondoo na farasi kwa lugha ya kale aliyoiunda upya, mama wa lugha nyingi za Ulaya na Asia. Waliomfuata wamekiandika upya mara kadhaa, kila mmoja kwa matamshi yake, na bado undugu wa lugha zile umesimama imara. Basi kitenzi chenye nyota kinajulikana nusu: nasaba yake inathibitika, sauti yake inakisiwa. Nusu hiyo ni elimu halali.

Elimu hiyo inahitaji mashahidi. Kirendille cha Marsabit husema yimi, yaani amekuja, na shahidi huyo mmoja ana uzito zaidi kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mwanaisimu Bernd Heine, katika chapisho lake la 1978, alizilinganisha Kisomali, Kirendille na Kiboni ili kuifikia lugha mama yao. Kiboni, ambacho wenyewe hukiita Kiaweer, kinazungumzwa na watu wachache katika misitu ya Lamu na Ijara, na vijana wao wanahamia lugha za majirani. Wasomi wa Garissa wanaokijua Kisomali wako karibu na wazee wanaokizungumza Kiboni kuliko chuo chochote cha Ulaya. Waende wakawarekodi sasa.