Mizimu ya Kuchekesha na Haki ya Mtoto

Swali la kama picha fulani ya sinema yafaa kutazamwa na jamaa wote wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, huonekana dogo machoni pa watu wengi. Huulizwa upesi, hujibiwa upesi, na husahauliwa upesi zaidi. Lakini ndani yake mna swali kubwa la maadili: mtu mzima ana haki gani ya kuchagua jambo litakaloingia katika moyo wa mtoto, na ana wajibu gani baada ya kulichagua? Napenda kulitazama swali hili kwa mfano mmoja tu, kwa kuwa hoja isiyo na mfano haishikiki.

Mfano wenyewe ni picha ya Kimarekani iitwayo Beetlejuice Beetlejuice, iliyoongozwa na Tim Burton na kutolewa mwaka 2024. Ni mwendelezo wa Beetlejuice ya mwaka 1988, na kati ya mbili hizo ilipita miaka 36. Zote mbili ni vichekesho juu ya wafu. Katika ya kwanza, mume na mke waliokufa kwa ajali wanataka kuwafukuza wageni waliohamia nyumbani kwao, wakapata msaada wa mzimu mlaghai ambao madhara yake yalizidi faida. Katika ya pili, Lydia, aliyekuwa msichana katika hadithi ya kwanza, amekuwa mama. Binti yake, Astrid, amefiwa na baba; anadanganywa na kijana ambaye kumbe ni mzimu wa mwuaji, akachukuliwa hadi ahera. Mama hana budi kumwita mzimu mlaghai yule yule ili amwokoe mwanawe.

Nimo katika kundi la watu walioiona picha ya kwanza utotoni, kwa kanda ya video, sebuleni kwa jirani. Nilikumbuka kicheko tu. Kwa hiyo, siku moja ya likizo, wapwa wangu waliponiuliza, “Mjomba, hii ya pili inatufaa?” nilijibu bila kufikiri kwamba yafaa. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa hukumu zetu juu ya mwendelezo wa hadithi: hatuipimi kazi mpya kwa sura yake, bali kwa furaha yetu ya zamani. Na kumbukumbu si mpimaji mwaminifu. Nilipoitazama tena ile ya kwanza nikiwa mtu mzima niliona nisiyoyakumbuka kabisa: watu waliojiua wamefanywa makarani wa ahera, na jeraha la mkono uliokatwa laonyeshwa kwa mzaha, tena msichana mdogo anakaribia kuozwa kwa nguvu kwa mzimu mzee. Mambo hayo yalipita mbele ya macho yangu ya kitoto, nami nikacheka pamoja na waliocheka.

Yamkini msomaji atasema kwamba kwa ajili hiyo ziko alama za kuwaongoza wazazi. Ni kweli, nazo zina manufaa. Marekani ina utaratibu wa alama hizo tangu mwaka 1968. Mwaka 1984 wazazi wengi walilalamika juu ya picha kama Gremlins, iliyochanganya mzaha na vitisho, na mwaka huo huo ikaongezwa alama ya PG-13, inayowaonya sana wazazi kwamba baadhi ya mambo huenda yasiwafae watoto walio chini ya miaka 13. Beetlejuice ya 1988 ilipewa PG, alama nyepesi kuliko hiyo, ingawa ile nzito ilikuwapo tayari. Mwendelezo wake ulipewa PG-13. Mtu akisoma alama za Marekani peke yake atasema kuwa ya pili ndiyo nzito. Lakini nchini Uingereza ya kwanza ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 15, na ya pili ikaruhusiwa hata kwa mtoto wa chini ya miaka 12 akifuatana na mtu mzima. Wapimaji wa nchi mbili, wote watu wa busara, hawakupatana hata juu ya ipi kati ya mbili hizo ni nzito kuliko mwenziwe.

Sababu yake ni kwamba kuna vitu viwili vya kupimwa, nasi huvichanganya. Kimoja ni kitisho, na kingine ni kicheko. Kitisho huonekana wazi na huhesabika. Katika picha ya pili mwili wa babu aliyeliwa na papa hutembea bila kichwa huku damu ikiruka, na mwanamke aliyekatwakatwa huviunga viungo vyake kwa pini. Mtoto mdogo huogopa, hujifunika uso, huota vibaya usiku mmoja au mbili. Sisemi kuwa jambo hilo ni jema, lakini hofu hujitangaza yenyewe, na mtoto aliyeogopa huja mbio kwa mkubwa wake. Nasi tuliolelewa kwa hadithi za mazimwi tunajua kwamba hofu iliyoandamana na sauti ya bibi haikutudhuru.

Kicheko hakijitangazi. Mtoto anayecheka hamkimbilii mtu. Kwa hiyo yafaa kuuliza: katika picha hii, nani anachekwa? Hapa mwendelezo unastahili sifa kuliko wengi wanavyodhani. Mchumba wa Lydia anachekwa kwa sababu huvaa maneno ya upole ili amtawale, hata akathubutu kuomba ndoa katika hafla ya msiba. Kicheko cha namna hiyo humfundisha mtoto kuutambua unafiki. Aliyefiwa kwa kweli, yaani Astrid, hachekwi kwa huzuni yake. Kwa kipimo hiki, picha yenye damu nyingi ina adabu kuliko ile yenye damu chache, ambayo ilimfanya aliyejiua kuwa kichekesho.

Nilidhani nimemaliza hukumu yangu. Lakini mmoja wa wapwa wale, binti wa miaka tisa, alifiwa na baba mwaka uliotangulia. Hakuogopa damu wala pini. Alicheka na wenziwe. Katika picha hii ahera imefanywa kama afisi kubwa: wafu huchukua nambari, hukaa katika chumba cha kungoja, hupangwa mbele ya makarani, na Astrid humkuta babake humo. Usiku ule, wakati wa chakula, mtoto aliuliza kwa sauti ndogo, “Mjomba, baba naye anangoja nambari yake?”

Sikuwa na jibu. Shahada zangu hazikunisaidia. Mama yangu ndiye aliyeweka kijiko chini, akamvuta mtoto karibu naye, akasema, “La, mjukuu wangu. Wale wamefanya mzaha tu, hawajafika huko. Baba yako yu mikononi mwa Mola wake, na huko hakuna foleni.” Kisha akamwuliza ni jambo gani la baba alilolikumbuka siku ile. Wakazungumza hadi chakula kikapoa. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu msiba, mtoto yule kumtaja baba yake bila kulia.

Je, picha ile ilimfaa au haikumfaa? Lau angeitazama peke yake na kulala na swali lake, ningesema bila kusita kwamba tulimdhulumu. Kwa kuwa alikuwapo mtu wa kumjibu, ilimfungulia mlango ambao sisi wakubwa tulikuwa tumeufunga kwa kuogopa huzuni yake. Sijitetei. Niliruhusu bila kufikiri, na wema uliotokea ulikuwa wa mama yangu, si wangu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Picha hii haifai kwa watoto wadogo walioachwa peke yao, hata kama hawaogopi chochote. Yawafaa waliokaribia kubalehe, na hata mdogo wao kidogo, iwapo mkubwa amekwisha kuitazama kwanza, ameketi nao, na hataondoka picha ikiisha. Maana alama iliyobandikwa juu ya picha yaweza kupima damu na matusi, lakini haimjui mtoto. Haijui ni nani aliyefiwa, wala ni nani atakayeuliza swali usiku. Anayejua hayo ni mkubwa wake, na akimwachia mwingine kazi hiyo, mtoto hulala na swali lake.