Shauri Lisilorudika

Kukata shauri ni kuhukumu. Hakimu mwema husikiliza pande zote mbili, huwauliza mashahidi, na akiwa mgonjwa huahirisha kesi. Sasa, ewe msomaji, mtazame kijana aliyeanguka mtihani, au aliyeaibishwa mbele ya wenzake, naye yu macho bwenini usiku wa manane. Huzuni humnong'oneza kuwa maisha yake hayana faida, na kwamba heri afe. Katika baraza hilo huzuni ndiyo mshtaki, ndiyo shahidi, na ndiyo hakimu. Haki itatoka wapi?

Wataalamu wametufundisha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia pupa, haikomai mpaka mtu apite umri wa miaka 20. Hiyo si aibu ya kijana. Ni maumbile, nayo ni sababu ya kungoja. Mwaka 1978 Richard Seiden alitoa habari za watu 515 waliozuiwa kujiua huko San Francisco, Marekani, kati ya mwaka 1937 na 1971. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wangali hai, au walikuwa wamekufa kifo cha kawaida. Nia iliyojidai kuwa ya milele ilikuwa ya muda tu.

Lakini kungoja peke yako ni mzigo mzito, na mficha uchi hazai. Ukipatwa na fikira hiyo, usingoje kuche: mwamshe mwenzako, mwendee mwalimu, mzazi au daktari, useme waziwazi. Kusema si uoga wala si uhalifu. Sheria ya Kenya ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mwenye maumivu ya moyo ahitaji tabibu, si askari.

Nawe utakayeambiwa, usicheke wala usikemee. Usiogope kumwuliza kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandii fikira hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Usiahidi kuificha siri yake. Keti naye, kisha mfikishe kwa mtu mzima awezaye kumsaidia.

Mashauri mengi ya ujana hurudika: mtihani hurudiwa, urafiki hutengenezwa, aibu husahauliwa. Shauri lisilorudika lisikatwe na mtu mmoja, wala lisikatwe na huzuni.