Sauti Kabla ya Sura

Siku hizi mtu aliyeko Mtwara aweza kuzungumza usiku kucha na mtu wa Brazili asiyemjua kwa jina wala kwa ukoo. Mtandao wa Clubhouse ulipoanzishwa huko Marekani mwaka 2020, wageni walikutana humo kwa sauti tu, bila kuonana. Wapo wasemao kwamba asiyeonyesha uso wake ana jambo analolificha. Je, kauli hiyo ni ya haki?

Tukiutazama utamaduni wetu, bara na pwani, twaona kwamba sauti kuitangulia sura si jambo geni. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Aliye ndani humsikia kabla hajamwona, akapata nafasi ya kujitanda kanga na kuuliza, "Nani mwenzangu?" Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni muungwana hujiendea zake. Kwa namna hiyo sitara ya mwenye nyumba hulindwa. Video, kinyume chake, humpeleka mgeni moja kwa moja hadi chumbani: akaona kitanda, akaona ufukara, akaanza kupima utu kwa macho. Mtandao wa Omegle, uliowakutanisha wageni kwa maandishi tangu 2009 na kwa video tangu 2010, ulifungwa mwaka 2023 baada ya kulaumiwa sana kwa sababu ya watoto waliodhulumiwa humo.

Hata hivyo, sitara na maficho ni mambo mawili. Sitara hulinda heshima, maficho hulinda uovu. Atumiaye sauti isiyo na sura ili atukane, alaghai au awarubuni watoto hajajisitiri, amejificha. Tena siku hizi mitambo yaweza kuiga hata sauti ya mtu, hivyo kusikia peke yake si ushahidi.

Kwa maoni yetu, kipimo ni kuwajibika kwa maneno. Tusiloweza kulinena uso kwa uso, tusilinene gizani. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni wa sauti naye ana jembe lake, nalo ni ukweli. Hatusemi ataje mtaa wake au shule yake. Yatosha asijifanye mtu asiye yeye. Akwepaye jembe hilo siku baada ya siku hana budi kuagwa.

Vijana wetu, basi, wafundishwe kupiga hodi kabla ya kuingia, na wafundishwe pia kwamba si kila abishaye hodi ni wa kufunguliwa mlango.